Tiketi Nambari 31 Ni Mazishi

Mambo yalianza Jumanne, tarehe 4 Machi, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, meneja wetu Wanyoike alipounganisha barua pepe yangu ya kazi na mfumo wa malalamiko ya wateja. Kampuni yetu, hapa Thika, huuza mashine za kuangua vifaranga. Tangu dakika hiyo kila barua niliyoandikiwa iligeuka tiketi: tatizo lenye nambari, linalosubiri fundi, na mwandishi akajibiwa papo hapo na kompyuta. Kufikia Alhamisi jioni zilikuwa hamsini na nane, na mteja hata mmoja hakuwamo. Wanyoike alinikataza kugusa mpangilio wa mfumo huo. Alisema pia kwamba Ijumaa, siku ya mwisho ya miezi yangu mitatu ya majaribio, tiketi zisizofungwa ndizo zitaamua kama nitabaki. Nikaenda kuketi kwenye benchi la kahawa la Mbinya, mtaani Kiganjo, pamoja na Gachau fundi stima, aitwaye Fiusi, na Omondi, aitwaye Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi kortini.

— Becky, mbona umekunja uso? akauliza Fiusi.

— Rafiki yangu Ngendo, wa mtaa wa Kahawa Sukari, alinitumia ratiba ya mazishi ya babake niisahihishe. Ikawa tiketi nambari 31. Unajua alijibiwa nini? "Fundi atakufikia ndani ya saa arobaini na nane. Tafadhali usizime mashine."

— Ngai! akasema Mbinya. Na mzee ashazimika?

— Usicheke, Mbinya.

— Sicheki. Nacheka kidogo tu.

— Hizo ni waya zimegusana, manze, akasema Fiusi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Pindua hiyo kompyuta, uitingishe.

— Barua hazipiti kwa waya za nyumba.

— Umesoma chuo, hujasoma stima.

— Wachana na huyo, akasema Wakili. Ni kampuni adui. Wameandika vijana mia mbili huko Ruiru, kazi yao ni kukutumia barua tu.

— Na mamangu akiuliza kama nimekula, naye ni adui?

— Huyo ndiye mbaya zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mchunguze.

— Ama ni yale mayai hayakuanguliwa na mashine zenu, akasema Fiusi polepole. Yanalipiza kisasi.

— Si ufunge zote tu, useme umewasaidia, akasema Mbinya.

— Niandike marehemu amerekebishwa? Siandiki uongo. Heri wanifute kazi.

Awiti, jirani aliyehamia Jumapili, alikuwa akingoja kikombe chake cha kahawa.

— Samahanini, akasema. Mteja mashine ikimharibikia, huandikia Becky ama kampuni?

— Kampuni, nikasema. Anwani imebandikwa kwa kila mashine.

— Sasa yako iliunganishwa ya nini?

Fiusi akamtazama Wakili. Wakili akatazama kikombe chake. Mimi nilikuwa nimezihesabu tiketi zote mara tatu bila kujiuliza hilo.

Ijumaa, saa moja na dakika arobaini asubuhi, nilifungua mpangilio, nikaitoa anwani yangu, nikaacha ya kampuni peke yake. Nikajitumia barua ya kujaribu, ikabaki barua. Kisha nikazifunga tiketi zote, na penye sababu nikaandika "Si mteja", mara hamsini na nane. Wanyoike alipoingia akiuliza ni nani amegusa mpangilio, niliinua mkono kabla hajamaliza swali.