Bi. Swaumu Uwesu: Miaka Thelathini na Sita ya Kutoamini Fomu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Swaumu Uwesu anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya uuguzi, kumi na minne ya mwisho akiwa katika kitengo chetu cha upasuaji wa urembo na kurekebisha maumbile hapa Tabora. Barua imekuja, ina mhuri na sahihi. Aliisoma mara tatu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akapiga simu ofisini kuuliza kama kweli wameiandika wao.

Ni mzaliwa wa Gongoni, binti wa fundi cherehani. Alianzia wodi ya wazazi, na kitengo chetu kilipofunguliwa akaletwa ashikize kwa miezi mitatu. Hakurudi alikotoka. Kazi yake ilikuwa kumhoji mgonjwa kabla ya kisu, na hapo ndipo alipopewa jina la Afande. Hofu yake ilikuwa moja, na hakuificha: kwamba akiondoka, kiti chake kitakaliwa na mtu anayeamini watu. Alimwambia matroni kwamba hasaini karatasi yoyote ya kustaafu mpaka amwone mtu wa kumtilia shaka hata yeye.

Wagonjwa wetu huja na picha kwenye simu. Yupo anayetaka pua iwe nyembamba, yupo anayetaka matiti yapunguzwe kwa kuwa mgongo umemchosha, yupo wa kunyonywa mafuta ya kiunoni. Bi. Swaumu aliitazama picha kwa jicho la pembeni, akauliza huyo ni nani na nani kathibitisha kuwa hakuchezewa na kompyuta. Kisha akaanza. Ukikatwa ngozi ya tumbo utatembea umeinama wiki nzima, na mrija wa kutoa maji ubavuni, na mkanda wa kubana utauvaa wiki sita. Ukifanywa pua, macho yatavilia damu kama umetoka kupigana, na umbo lenyewe hulioni sawasawa kabla ya mwaka. Kunyonya mafuta si kupunguza uzito. Kovu litabaki; daktari hulificha tu mahali pazuri. Akimaliza, alimtaka mgonjwa amrudishie yote kwa maneno yake mwenyewe. Aliyeshindwa alirudi nyumbani akafikirie.

Niseme wazi kwamba mimi Koleta, muuguzi mwenzake ninayeandika haya, sikumpenda mwanzoni. Nilimwona mtu wa roho mbaya anayewatisha wagonjwa bure.

Miaka mitatu iliyopita alikuja Julieth, mkulima wa tumbaku kutoka Ipole, mama wa watoto watano, kukatwa ngozi ya tumbo. Fomu iliuliza kama anavuta sigara. Alisema hapana, nami nikaandika hapana, kwa sababu mama wa watu alikuwa anasema kweli. Asubuhi ya upasuaji, akiwa tayari juu ya kitanda cha magurudumu, alikataa kuiachia kanga yake. Sote tulidhani ni haya. Bi. Swaumu hakudhani.

"Mama, hebu nifungulie hilo pindo."

Ndani ya fundo kulikuwa na ugoro, umeviringishwa kwenye kipande cha nailoni. Julieth alishangaa kuliko sisi.

"Hii si sigara, mama. Nanusa tu kidogo, kwetu hata bibi ananusa."

Na kweli hakuna aliyemuuliza kuhusu kunusa. Lakini tumbaku ni tumbaku, hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya tumbo iliyokatwa na kuvutwa ikikosa damu hugeuka nyeusi ikafa. Dakta Ezekia, aliyekwisha kunawa, alisimama mlangoni mikono ikichuruzika maji, amenuna kwa kuharibiwa asubuhi yake. Alipoonyeshwa ugoro akaahirisha mwenyewe. Julieth aliacha kunusa wiki sita, akarudi, akakaguliwa mapindo yote, na kidonda chake kikapona vizuri. Fomu yetu sasa inauliza tumbaku ya kuvuta, ya kunusa, ya kutafuna na ya kuweka mdomoni. Mimi niliona aibu kwa muda mrefu, maana ngozi ile ingekufa kwa kalamu yangu. Nikaomba kukaa karibu na Bi. Swaumu nijifunze.

Mwezi Aprili mwaka huu akaja yeye mwenyewe kama mgonjwa. Kope za juu zilikuwa zimelegea mpaka zinamziba macho. Ni upasuaji mdogo, wa ganzi tu, na uvimbe wake huisha baada ya wiki mbili hivi. Zamu ya kuhoji ilikuwa yangu. Alijibu harakaharaka, fomu yote anayo kichwani: hatumii dawa yoyote. Nilimtazama nikaogopa, maana huyu ni mtu ninayempa shikamoo kila asubuhi. Hata hivyo nikamwomba mkoba wake.

"Koleta, unanipekua mimi?"

"Naam, mama. Unisamehe."

Chini ya miwani kulikuwa na aspirini, nusu ya vidonge vimeshatumika. Dawa hiyo huzuia damu kuganda, na damu ikivujia nyuma ya jicho mtu anaweza kupofuka. Nikaandika kwamba upasuaji umeahirishwa. Alichukua mkoba wake akaenda moja kwa moja kwa matroni, akasaini karatasi za kustaafu alizokuwa amezikalia tangu Januari. Nilipoambiwa, nililia.

Kope zilikatwa mwezi Mei na zimepona. Nimemuuliza mara mbili kama vile vidonge alivisahau au aliviweka makusudi. Anasema alisahau, magoti yalikuwa yanamuuma. Simwamini.

Bi. Swaumu, asante kwa niaba ya wote uliowaokoa bila wao kujua. Kitengo chote kinakuombea afya, amani na miaka mingi ya kukaa na wajukuu wako. Siku ukiamua kusema ukweli kuhusu vile vidonge, kiti ninachokalia unakijua.