Lenzi Nilizozihifadhi Kama Mbegu

Sifa na utukufu ni kwa Bwana, ndugu zangu! Mbukwenyi nyote, mlioketi mbele na ninyi mliosimama mlangoni.

Nimeomba nafasi leo kwa sababu nina ushuhuda wa kurekebisha ushuhuda. Nikiwa kijana, enzi za Mjerumani, nilisimama mbele ya waumini nikamshukuru Mungu kwa biashara njema aliyonipa. Kina mama wakapiga vigelegele. Biashara ile ilikuwa ya udanganyifu. Sasa mimi ni mzee wa mkongojo, na nataka mjue jinsi Bwana alivyonitoa humo.

Nilikuwa nimesoma shule ya misheni hadi madarasa ya juu, jambo la nadra Ugogo wakati ule. Elimu hiyo ikanipatia kazi kwa Mjerumani mmoja mzee aliyezunguka nchi akipiga picha za vilima, mifugo na watu. Nilimbebea kamera miaka sita. Alipougua akaamua kurudi kwao, alinipa sanduku la lenzi zake za zamani, yaani vile vioo vya mbele ya kamera vilivyofungwa ndani ya shaba. Zilikuwa saba. "Uza," aliniambia, "ni zako." Ndugu zangu, sikuiba. Dhambi yangu haikuanzia hapo.

Ilianza na ujinga. Reli ilikuwa haijafika Dodoma, wala mnunuzi hakuwapo. Nikaziweka lenzi mahali ambapo kila Mgogo huweka kitu asichotaka kiliwe na wadudu: kwenye kichanja juu ya jiko, ndani ya tembe, pamoja na mbegu za uwele. Moshi hulinda mbegu. Nilidhani utalinda na vioo. Sita nikaziweka huko. Ya saba, iliyokuwa nzuri kuliko zote, niliifunga katika shuka nikaificha kwenye sanduku la nguo, maana niliipenda. Zikakaa hivyo misimu miwili ya mvua.

Reli ikafika. Mgoa mmoja, mtu wa Goa kule Uhindini, jina lake Bwana Fransisi, akafungua duka la picha karibu na stesheni. Nikazishusha lenzi zangu sita, nikazitazama juani. Ndani yake palikuwa na ukungu wa manjano, kama mafuta ya kondoo yaliyoganda. Masizi ya nje niliyafuta hadi shaba ikang'aa. Ndani sikuweza kufika. Basi nikangoja siku ya mawingu, ndipo nikazipeleka.

Bwana Fransisi aliuliza, "Zimewahi kuanguka?"

"Hata mara moja."

"Zimeingia maji?"

"Hata tone."

Ndugu zangu, kila neno lilikuwa kweli! Mgoa gani angefikiri kuniuliza kama nilizikausha juu ya jiko? Akanunua zote sita, nami nikapata ng'ombe wa kutimiza mahari. Jumapili iliyofuata nilitoa ushuhuda ule wa vigelegele.

Nilikuwa nimekwisha kuoa wakati lenzi ya kamera ya Bwana Fransisi ilipovunjika, naye akafunga mojawapo ya zile zangu. Wa kwanza kukaa mbele yake alikuwa Mama Chedego, mjane aliyetembea kwa miguu kutoka Mlali. Mwanawe alikuwa akijenga reli upande wa Tabora, na mama alitaka apelekewe uso wake. Picha ikatoka na shanga, ikatoka na nguo na mikono. Mahali pa uso palikuwa na wingu jeupe. Bwana Fransisi akajaribu lenzi nyingine, ikawa vilevile. Akadhani maji yake ya kusafishia picha yameharibika. Akamwomba radhi, lakini mama alikuwa amekwisha kuiona karatasi ile.

Akaenda nyumbani kwa kaka yake, pale Dodoma, akalala akitazama ukuta. Walipomletea uji alisema, "Mtu asiye na uso atakunywa kwa mdomo gani?"

Siku ya nane kaka yake alifika kwangu na wanaume watano wenye fimbo.

"Mwalimu Yohana, wewe unajua kuandika. Mwandikie bwana mkubwa wa boma kwamba Mgoa amekula uso wa dada yangu. Asipofukuzwa, tutamtoa wenyewe, na hatatoka mzima."

"Na uandike kwa herufi kubwa," mmoja akaongeza, "asije akasema hakuona."

Nikachovya kalamu. Nikaandika, "Kwa Bwana Mkubwa." Hapo moshi ukanifikia. Mke wangu, yule niliyemwoa kwa ng'ombe wale, alikuwa akipika chini ya kichanja kilekile. Mkono ukakataa kwenda mbele. Nikaomba moyoni, "Bwana, nitoe!" Nilikuwa nyumbani mwangu, hakuna aliyenifunga, lakini nilijua nimefungwa.

Nikaiweka kalamu chini nikasema, "Mgoa hana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Walinipeleka dukani huku wamenishika mikono. Nilikuwa nimebeba lenzi ya saba. Bwana Fransisi alifungua moja ya zile sita, akatuonyesha gundi iliyounganisha vioo vyake, jinsi ilivyoyeyuka kwa joto na kutawanyika.

"Uliziweka wapi?"

"Juu ya jiko. Ndiko tunakoweka mbegu."

"Kwani ulitaka ziote?"

Wanaume wakaangua kicheko, hata kaka yake Mama Chedego akaishusha fimbo. Bwana Fransisi mwenyewe hakucheka. Aliniambia polepole, "Nilikuuliza maswali mawili. Ulinijibu vizuri sana." Ndugu zangu, afadhali wangenipiga!

Nikampa ya saba, na nikamtumikia mwaka mzima bila ujira. Siku ileile Mama Chedego aliletwa amebebwa kitandani. Picha ilipokauka aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mbona mmenizeesha hivi?" Kisha akaomba uji. Haleluya!

Ningependa kuishia hapo, lakini huo ungekuwa tena ushuhuda wa nusu. Uso aliupata. Miguu haikurudi na nguvu zake. Hakutembea tena hadi Mlali, na shamba lake likageuka pori. Chedego alirudi kutoka Tabora na picha ile mfukoni, akamtunza mama yake hadi mwisho. Mungu amenisamehe, na mama huyo alinisamehe kwa kinywa chake. Hata hivyo siku zile nane ni zangu, nami sizikani.

Namshukuru Bwana aliyeuzuia mkono wangu. Na wewe uliyeketi hapa na jambo ambalo hakuna aliyekuuliza, mwamini Yeye. Alinipokea mimi, atakupokea na wewe. Inuka useme leo. Usingoje swali.