Oke ya Bosi

Treni ilikuwa imeshachanganya mwendo mwokaji mikate alipomwonyesha simu yake mama aliyekaa dirishani. Alikuwa amemwomba bosi wake ruhusa aende kwenye harusi ya mdogo wake, na bosi akajibu neno moja: Oke.

"Basi nimeruhusiwa," alisema, akakunja nne kama mwenye treni.

Mama akacheka. "Mwanangu, mimi nimekuwa karani mpaka nikastaafu. Oke ni ukoo mzima. Kuna oke ya nimekubali, kuna ya nimekusikia, na kuna ya nenda tu, tutaonana ukirudi. Marehemu mume wangu alikuwa na ya kuniambia ninyamaze."

"Ya bosi wangu ni hiyo ya kwanza. Namjua."

"Alikuwa anafanya nini alipojibu?"

Hapo mwokaji akakunjua nne. Bosi alikuwa anakanda unga, na akiwa anakanda hasomi ujumbe wa mtu. Hubonyeza oke kwa kiwiko. Juzi mteja alilalamika kwamba keki imeungua, akajibiwa oke.

"Mpigie," mama akasema.

"Nikimpigia atakataa."

"Usipompigia atakufukuza."

"Hathubutu! Tanuri lile linanisikiliza mimi tu."

"Haya, jidanganye."

Treni ikasimama. Mwokaji akaizima simu, akabeba gauni lake begani, akashuka. Mama akatoa kichwa dirishani: "Na kazi je, we binti?"

"Kazi ni yake, mama. Mdogo ni wangu!"