Ini la Paka wa Sikuzani

Kibao cha kukalia kilichokuwa mbele ya kibanda cha Ilyasi, fundi baiskeli wa mtaa wa Buyenzi, kilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, lakini kilibeba maneno ya kuangusha nyumba. Mwaka huo wa 1997 petroli ilikuwa adimu, baiskeli ndiyo gari, na kazi haikumpungukia. Kilichompungukia ni mtu wa kumwambia karibu chakula. Mkewe, Sikuzani, alikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa dada yake mtaa ulipochafuka. Alisema wiki mbili tu, akamwachia paka wake. Kisha vita vikafika Uvira nako, na tangu hapo si barua, si salamu. Kisha paka naye akagoma kula siku tano, ufizi ukawa manjano. Anselme, daktari wa ng'ombe, akamtoa damu na kuonya kwamba maabara ya watu haipokei mnyama, aandikishe jina la mtu. Pale dirishani pa maabara, jina lililomtoka Ilyasi lilikuwa moja tu. Leo alikuwa akingoja jibu la kipimo cha pili.

— Mara nane ya kawaida! — alisema Hamissi, akiipepea karatasi ya kipimo cha kwanza cha ini. Walimwita Ministri kwa kusikiliza redio kutwa. — Ilyasi, hii ni blokusi, vile vikwazo vya majirani. Mipaka imefungwa, ini itapata wapi nguvu?

— Paka anakunywa petroli, Ministri?

Ilyasi aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa amechuchumaa, mkono ndani ya kasha la spea chini ya kibao, akimnywesha paka supu ya ndagala, vidagaa vya ziwani, kwa sindano isiyo na ncha, tone kwa tone. Anselme alimweleza kwamba paka akikosa kula, mafuta ya mwili wake yanalivamia ini, na dawa yake ni chakula, kidogo kidogo, kila saa mbili. Basi alikuwa akimlisha hivyo wiki ya tatu sasa.

— Mi nasema ni mushipa, — alidakia Mohamadi, ambaye kwake hata jino ni mshipa. — Mushipa wa ini unaanzia ku mukia. Funga kitambaa chekundu pale, siku saba. Wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Inaingia wapi hapo? — aliuliza Ministri.

— Si anakula ndagala? We unapinga tu.

— Apana, ngojeni! — Ministri alisimama, kibao kikayumba. — Kule Kinama, tangu watu wakimbie, panya inakula baruti. Inashuka mpaka huku. Paka anakula panya, baruti inalala mu ini. Siku moja atalipuka, mutanikumbuka!

— Mutu amefunga mudomo siku tano, alikula panya gani? — aliuliza Hamimu, muuza kahawa, akiwamiminia.

— Basi mumuache aende zake, — alisema Mohamadi. — Paka ni paka. Utapata mwingine.

Ilyasi aliiweka sindano chini.

— Mwingine? Huyu Sikuzani alimulea hajafungua macho. Akirudi akiniuliza, Ilyasi, paka yangu iko wapi, nimuonyeshe kasha? Kitu kimoja tu aliniachia nimuchungie. Kimoja, Mohamadi.

— Nisamehe, ndugu yangu. Ni mudomo tu.

Hamimu akawaongezea kahawa. Ndipo akatokea mwanamke mgeni, blauzi nyeupe ya kazi kaikunja kwapani, akienda mbio kuwahi kufika kwake kabla ya kuvefe, saa ya kukatazwa kutembea.

— Bonjour, bazee. Mi ni Dévote, wa ku maabara. Ni hapa kwa bwana wa Sikuzani?

Ilyasi alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

— Ni mimi, dada.

— Napita njia hii, nikaona nikuletee jibu. Namba za ini zimeshuka! Zilikuwa mara nane, sasa haifiki mbili. Huyu mama iko na bahati.

Ilyasi alilipokea jibu kwa mikono miwili. Juu kabisa, kwa wino wa bluu, palikuwa na jina la mkewe: Sikuzani. Mwanamke. Chini ya kibao, paka alilamba supu iliyomwagika, mwenyewe, bila sindano.

— Sasa anakula vizuri? — aliuliza Dévote. — Na analala?

Ministri alitazama viatu vyake. Mohamadi akajikohoza. Hamimu akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, pakatoka masimbi ya kahawa tu. Ilyasi akalisoma tena lile jina la wino wa bluu.

— Mbona munanyamaza, bazee? Mi nauliza tu kama anakula.