Hajati Jamidah na Alama Iliyofutwa

Baada ya miaka ishirini na miwili katika duka la Vitenge vya Mlimani, Bwera, Hajati Jamidah anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Bado hatujaamini. Sisi watoto wa washonaji wa duka hili tumekua tukipokewa mlangoni na sauti yake.

Alianza kwa kukata vitambaa. Duka lilipoingia mtandaoni, akakabidhiwa simu ya wateja, akajifunza kwa kukosea na kucheka. Siku moja alimtumia mteja wa Fort Portal picha ya chakula chake cha mchana badala ya gauni. Mteja akauliza bei.

Fahari yake ilikuwa alama ya uaminifu, ile nembo ya kijani ambayo shirika la ukaguzi huliwekea duka lililothibitishwa. Mnunuzi wa Kampala hamjui mtu Bwera. Akiiona alama, anaagiza bila hofu.

Mwaka jana, asubuhi moja, alama haikuwepo. Tulidhani ni mtandao. Kisha ujumbe ukafika: duka limefutiwa alama kwa kujiandikia sifa, kwa kuwa karibu maoni yote ya wateja yalitoka kwenye simu moja. Tulipigwa na butwaa. Hajati aliusoma ujumbe ule kwa sauti mara mbili. Oda zilikatika, na mama zetu wakaambiwa wajiandae kukaa nyumbani.

Simu ilikuwa moja kweli. Wateja wengi wa soko la Mpondwe hawana simu za intaneti, na wengine hawasomi. Hajati huwaazima ya duka, au huwaandikia wanayosema. Hakuna aliyewahi kuona kosa. Hapa kwetu mtu akiomba simu, anapewa.

Alikata rufaa. Shirika likajibu kwamba maelezo kama hayo yeyote anaweza kuyatunga.

Ndipo Mzee Kambale, mkulima wa Kitswamba, alipoingia dukani na kusikia habari. Kitenge cha harusi ya binti yake kiliwahi kuchelewa, naye akamtamkia Hajati maoni yake akiwa na hasira.

"Hajati, ile matusi yangu uliandika?"

"Yote, Mzee."

"Hata ya redio?"

Kauli hiyo ilikuwepo kwenye maoni ya duka, na nyota moja tu: "Muzigo inachelewa, na huyu mama iko na maneno mingi kama redio." Hajati alikuwa ameiandika kwa kidole chake mwenyewe, wala hakuifuta. Aliituma pamoja na video ya Kambale akiirudia mbele ya kamera kwa furaha kubwa. Shirika lilikubali kwamba anayejitungia sifa hajiandikii matusi. Alama ikarudi, na tangu hapo kila mteja asiye na simu hurekodiwa sauti yake.

Kuanzia Jumatatu simu itashikwa na mwenzetu Asmah. Sauti ya kwanza iliyorekodiwa imeshamfikia, ni ya Kambale: "Redio ikizimwa, hapa itakuwa kimya sana."

Asante, Hajati. Mama zetu bado wanashona. Nenda kwa dada yako Katunguru, ule samaki, uongee upendavyo. Tunakuombea afya na siku nyingi za furaha.