Seva Yenye Homa ya Nyuzi Tisini na Moja

Asubuhi ile kijiweni Gungu walikuwepo wanne: Saumu muuza kahawa, Thobias wa bodaboda, ambaye kijiwe kilimbatiza Profesa, mzee Khalfani fundi redio, aitwaye Waya, na Nasra, mtunza kompyuta wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara. Nasra alikuwa akimngoja mama wa usafi mwenye ufunguo wa stoo. Humo stooni ndimo ilimo seva yenye kadi za watoto wote wa kliniki, na jana ilijizima mara mbili kwa joto. Mganga mfawidhi alilisema kwa upole, lakini alilisema: ikizima tena leo, tunarudi kwenye madaftari, na Nasra atafute kazi pengine. Saumu alimmiminia kahawa, akaongeza kipande cha kashata.

Nasra alifungua kompyuta yake magotini, akaingia kwenye seva kwa mtandao, akaandika amri moja ya Linux ya kusoma joto: sensors. Mistari ikashuka.

— Inasemaje? — Profesa akachungulia.

— Prosesa nyuzi tisini na moja. Ikifika mia inajizima yenyewe.

— Tisini na moja! Mtu akifika arobaini tunamkimbiza wodini. Hiyo ina malaria, dada.

— Mashine haina damu, wewe, — akasema Waya. — Feni imekufa.

— Feni hii hapa, Mzee. Inazunguka mara elfu nne na mia nane kwa dakika.

— Basi inazunguka kinyumenyume.

— Na huu mstari? — Profesa akanyoosha kidole. — Hasi mia na ishirini na nane!

— Hicho kipimajoto hakijaunganishwa na kitu. Kinasema ovyo tu.

— Ovyo wapi! Huku moto, huku barafu. Si ndiyo homa ya baridi hiyo? Nilisema malaria!

— Tisini na nne, — Nasra akasema polepole.

— Usijali mwanangu, — Waya akamfariji. — Haba na haba hujaza kibaba.

— Mzee, hatutaki kijae!

— Mi nishajua, — Profesa akashusha sauti. — Ziwani kuna samaki wa umeme. Mmoja kaingia kwenye bomba la maji, bomba limegusa nyaya za zahanati. Seva inakula umeme wa aina mbili: wa serikali na wa samaki.

Saumu alicheka hadi kahawa ikamwagika. Nasra naye alicheka, ingawa macho yalikuwa kwenye tisini na sita.

— Dada, nimfuate huyo mama na pikipiki? Bure kabisa, — Profesa akasema, safari hii bila utani.

Kabla hajawasha, mama wa usafi mwenyewe, Skolastika, akatokea anahema, ufunguo mkononi, kitu kizito kimekunjwa kwapani.

— Mwakeye, wanangu! — akawaamkia. — Nisamehe Nasra. Nimesikia mashine ina homa, nikarudi nyumbani kuchukua blanketi jingine. Kwani lile nililoifunikia juzi, vumbi lisiingie, halitoshi?

Profesa alikagua tairi lake. Waya alitazama ndani ya kikombe kama aliyepoteza kitu.

Nasra aliliona blanketi la kwapani: limefuliwa, linanukia sabuni, bila shaka ndilo zuri kuliko yote nyumbani kwa Skolastika. Tisini na saba. Akainuka, akamshika mkono.

— Asante, mama. Twende tukaitazame wote wawili.

Kabla ya saa sita prosesa ilisoma nyuzi hamsini na mbili. Nasra yupo kazini hadi leo, na Skolastika ndiye anayefungua dirisha la stoo kila asubuhi.