Sakashita Yupi Huyo Ngazini

Pale Tochiura, ukisimama barabarani ukaita "Sakashita!" kijiji kizima kitageuka, na paka wa kinyozi juu yake. Jina ni hilo hilo moja, kutoka gatini hadi darajani, kwa hiyo watu huitana kwa kazi za mababu zao au kwa vituko vyao wenyewe. Kijiwe chao ni benchi la mbao mbele ya duka la sigara lililofungwa zamani, ubavuni mwa mashine inayouza kahawa ya moto ya makopo. Ukikaa pale, mbele yako ng'ambo ya barabara unaziona ngazi za mawe zinazopanda kwenda hekaluni na makaburini. Sakashita maana yake ni chini ya mteremko, na huko chini ndiko wanakoishi. Wanataniana kwamba mtu akifa habadilishi kitu ila jina: anakuwa Sakaue, wa juu ya mteremko. Asubuhi hiyo ya Novemba ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa, kunguru wamenyamaza, na mzee Eikichi, ambaye nyumba yao ilitengeneza tofu, jibini la soya, tangu enzi za babu yake na ndiyo maana wanamwita Tofu, alikuwa amefika kijiweni kabla ya wote. Kopo lake lilikuwa limepoa mkononi, hajalifungua.

Kinyozi alivuka barabara taulo likiwa bado begani.

— Tofu, umeona?

— Nimeona nini?

— Usinifanye mtoto, bwana. Pale ngazini. Mtu na mwavuli wa kijivu. Ndio kwanza nafungua pazia.

— Ukungu wote huu? Ukungu kama huu unaweza kuona hata ng'ombe anaogelea.

— Mimi nanyoa watu kwa wembe mwaka wa hamsini huu, sijamkata mtu sikio. Macho yangu usiyaguse.

Kabla Tofu hajajibu, Mama Mwani akatokea upande wa ufukweni, viatu vya mpira miguuni na ndoo ya mwani mkononi. Mwanamke huyo hasemi sana, na akisema hasemi mara mbili. Akaitua ndoo.

— Hata mimi nimemwona, — akasema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

 Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Tochiura nzima inajua kwamba Sakashita akifia ugenini hurudi nyumbani kwa miguu, na huwahi kufika kabla ya simu ya msiba. Mcheza sumo wao, yule mwanamieleka aliyelitoa jina la kijiji kwenye magazeti, asubuhi moja alionekana akipita na nywele zake zimefungwa kama siku ya pambano. Wakasalimiana naye. Mchana simu ikalia.

Tofu alikuwa amemwona pia. Alimwona kabla yao, na kwa karibu kuliko wao. Mwanamke, bega moja limeshuka kidogo kuliko jingine, kama mtu aliyezoea kubeba kikapu upande mmoja. Katika watu wa kijiji bega hilo analo mtu mmoja tu aliye hai, naye yuko Osaka: binti yake, Tamaki. Tangu asubuhi Tofu alikuwa amelikalia jambo hilo kama mtu aliyekalia kaa la moto, anaogopa kuinuka.

— Basi ni mwimbaji, — akasema kwa haraka. — Nagiko. Si yuko hospitali Tokyo? Mliambiwa kwenye televisheni.

Wenzake wakamtazama. Tofu si mtu wa kuanzisha hoja.

— Nagiko! — Kinyozi akadaka. — Hilo ndilo nilikuwa naliwaza. Mwanamke na mwavuli, tena wa kijivu. Alikuwa anaimba na mwavuli ule! Nyimbo zake zote mvua, mvua, mvua.

— Nani kasema Nagiko ni Sakashita? — Sauti ilitoka nyuma ya mashine ya kahawa. Alikuwa Redio, fundi redio mstaafu, ambaye mkewe husema kitufe cha kumzimia kilipotea kabla hajaolewa naye. Alikuwa anagonga mashine kwa kiganja. — Yule jina lake la jukwaani ni jingine kabisa. Na mcheza sumo naye jina la ulingoni lilikuwa jingine. Watu wetu wakishapata sifa wanatuvua kama soksi.

— Kwenye kitambulisho alikuwa Sakashita, — akasema Kinyozi. — Nyumba ya mama yake ndiyo ile yenye mkuyu.

— Nyumba yenye mkuyu ni ya akina mcheza sumo!

— Acha fiksi, Redio!

— Fiksi? Muulize Mama Mwani!

— Msiniulize, — akasema Mama Mwani. — Niliyemwona mimi alikuwa na bega chini. Nagiko alikuwa wima kama mshumaa.

 Tofu akafungua kopo, akanywa ile kahawa baridi.

— Basi yule mpanda milima, — akasema. — Yule dada Sakashita aliyepotea thelujini, kule nchi za mbali. Hakupatikana. Alikuwa anabeba mzigo mzito mgongoni, bega lingeachaje kushuka?

— Ehee! — Redio akakaa, akamsukuma Kinyozi. — Sasa unaongea. Miaka yote ile yuko njiani! Kutoka kwenye theluji ile mpaka hapa ni mbali, na kuna bahari katikati. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

— Si alikufa kwa kujikwaa? — akauliza Kinyozi.

— Ndiyo, ndiyo maana sasa anakwenda pole.

Kinyozi alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Ukungu ulikuwa umefika barabarani. Ngazi zilionekana chache za chini tu, nyeusi kwa unyevu, halafu weupe mtupu.

— Lakini mimi, — akaendelea Redio, na sasa aliteremsha sauti, — mimi naona ni mcheza sumo. Anarudi mara ya pili.

— Niliyemwona ni mwanamke, wewe, — akasema Mama Mwani.

— Subiri basi! Mara ya kwanza alifika kule juu, wakamuuliza jina. Akataja la ulingoni. Wakamwambia hapa hatuna mtu wa jina hilo, shuka. Tangu siku hiyo anapanda na kushuka, anajaribu kuazima sura za watu ili afunguliwe. Leo kaazima ya mwanamke.

— Mungu wangu, — akasema Mama Mwani.

— Au! — Redio akainua kidole. — Au si mtu hata mmoja. Kinyozi kamwona mwimbaji. Tofu anasema mpanda milima. Mama Mwani kaona bega. Kila mtu na wake. Kwa nini? Kwa sababu aliyepita si mtu. Ni jina. Ni Sakashita lenyewe linatembea. Shule imefungwa. Kitoto cha mwisho kuzaliwa hapa sasa kinaendesha lori Hiroshima. Jina limeshuka kuhesabu nani amebaki. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali ni ya kuweka akiba, — akasema Kinyozi.

— Na makaburini kule wanaweka nini?

 Tofu peke yake ndiye aliyeitikia kwa kichwa, tena kwa nguvu.

— Jina, — akasema. — Inawezekana kabisa. Redio leo umepatia. Ni jina tu.

Mama Mwani alikuwa anamwangalia kwa muda. Akaketi kando yake, jambo asilolifanya kwa kawaida kwa sababu ya nguo zake mbichi.

— Kaka Eikichi, — akasema. Hakumwita Tofu. — Unatupa watu maarufu kama mtu anayetupia mbwa mifupa ili akimbie. Na Tamaki mmeongea lini?

Wale wawili wakageuza nyuso kando. Kijiji kizima kilijua habari hiyo. Baada ya Fusae, mke wa Tofu, kuzikwa, binti alikuja na wazo ambalo vijana wa mjini wengi wanalo siku hizi: kaburi la huku lifungwe, mifupa ya mama ihamishiwe Osaka, mahali ambapo kuna mtu wa kuwasha ubani. Tofu alikataa. Fusae alizaliwa Sakashita akaolewa na Sakashita, hakubadili hata herufi moja, na hajawahi kulala usiku mmoja nje ya Tochiura. Unamhamishaje mtu kama huyo? Binti akasema, basi siku utakapokuwa huko juu naye, nani atawafagilia? Akapanda basi. Tangu hapo hakuna simu iliyokwenda wala iliyokuja.

— Bega lile ni la Tamaki, — Tofu akasema. Ilimtoka hivyo hivyo, kwa sauti ndogo. — Nimeliona. Ni la mwanangu.

Redio akafungua mdomo, Kinyozi akamkanyaga.

— Mpigie, — akasema Mama Mwani.

— Sitaki.

— Mpigie, kaka.

— Nisipopiga, bado yupo. Mnaelewa? Nisipopiga bado yuko Osaka anakunywa chai yake.

Kinyozi alimtoa Tofu simu mfukoni kama anavyowavua wateja miwani, taratibu, bila kuomba. Akaitafuta namba, akabonyeza, akamshikisha. Simu ikalia kule upande wa pili. Ikalia. Ikalia mpaka ikakatika yenyewe.

Tofu akaishusha magotini. Uso wake ulikuwa umekwisha kabisa, kama wa mtu aliyeamshwa ghafla. Mama Mwani alimshika mkono kwa vidole vyake vya baridi vinavyonuka bahari. Redio aliinamisha kichwa.

Simu ikatetemeka.

— Baba? — Sauti ya mwanamke, mdomo umejaa chakula. — Baba, ni wewe? Umeanguka? Uko wapi?

Tofu akaikandamiza simu sikioni kwa mikono miwili.

— Baba!

— Nipo, — akasema. — Nipo kijiweni. Unakula nini?

— Tambi. Niko kazini, simu niliiacha kabatini. Nini kimetokea? Wewe hunipigii simu.

— Hakuna. Nimetaka kusikia tu kama unakula.

Kule Osaka mtu akavuta kamasi.

— Baba, yale mambo ya kaburi, — akasema Tamaki. — Nimeyafikiria sana. Tuyaache. Mama akae huko huko alikopenda. Mimi nitakuwa nakuja kufagia. Jumamosi hii nakuja.

— Akae, — akasema Tofu, machozi yakimshuka bila aibu. — Ndiyo, mwanangu. Mama yako akae. Njoo, msimu wa kaa wa baharini umefika, nitakuchemshia.

Alipoikunja simu, Kinyozi alipiga kelele kama timu yake imefunga bao. Redio akaapa kwamba tangu mwanzo alisema ni jina tu. Mama Mwani akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akawatukana wote wawili. Kinyozi akatoa sarafu, akainunulia benchi zima kahawa ya moto, na mashine ikatema makopo kwa mshindo. Kwa kitambo kidogo ilikuwa asubuhi ya kawaida.

Katikati ya furaha hiyo ndipo alipofika Bi Hatori kwa pikipiki yake ndogo. Ni muuguzi mpya wa zahanati, kijana, mzaliwa wa mbali, na mtu pekee Tochiura ambaye jina lake linatosha kumtambulisha. Huwapima wazee presha hapo hapo kijiweni, maana zahanati hawaendi. Akamfunga Tofu kitambaa mkononi, akaanza kuminya mpira.

— Leo mna sherehe, wazee wangu? Nimewasikia kuanzia darajani.

Redio akamsimulia yote: mwavuli, bega, mwimbaji, theluji, jina linalotembea, simu ya Osaka. Bi Hatori alisikiliza kwa adabu huku macho yake yakiwa kwenye mshale wa kipimo. Aliposikia mwisho, akauliza tu, kama mtu anayeuliza njia:

— Kwani huyo mtu alikuwa anapanda, au anashuka?

Redio akavuta pumzi ili ajibu. Pumzi ikabaki huko ndani.

— Mimi niliona mwavuli, — akasema Kinyozi. — Mwavuli hauna mbele wala nyuma.

— Nilikuwa nimeinama majini, — akasema Mama Mwani. — Niliinua kichwa mara moja tu.

Wote wakazitazama ngazi. Ukungu ulikuwa umebakiza ile ngazi ya chini kabisa.

Tofu hakuzitazama. Alikuwa anakumbuka. Ukikaa kwenye benchi hili, mtu anayepanda kwenda makaburini anakupa mgongo mwanzo mpaka mwisho. Na yeye hakuwa ameona mgongo. Chini ya mwavuli ule aliona kidevu, na shingo, na mkono ulioshika kipini kwa namna aliyoijua kwa miaka arobaini mezani kwake. Bega lile Tamaki alilirithi kwa mama yake. Asubuhi nzima walikuwa wamewataja Sakashita waliokwenda mbali, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemkumbuka Sakashita ambaye hakuwahi kwenda popote.

— Mzee, — akasema Bi Hatori, — moyo wako unakimbia. Unaogopa nini?

— Siogopi, mwanangu.

Na alishangaa kuona ni kweli. Akajivuta, akamgusa Redio ubavuni kwa kiwiko.

— Sogea.

— Nisogee wapi? Si umekaa vizuri?

— Sogea kidogo, — akasema Tofu. — Acha nafasi.